Buddy Guy hakurudi, studio ndizo zilizomrudia

Mwaka 1991, mwaka aliotimiza umri wa miaka 55, mpiga gitaa wa bluzi Buddy Guy wa Chicago alitoa albamu iitwayo Damn Right, I've Got the Blues. Iliuza hadi ikapewa hadhi ya dhahabu nchini Marekani, ikamletea Grammy yake ya kwanza, na tangu hapo wanaoandika habari zake wamekuwa wakirudia simulizi ile ile: mkongwe alisahaulika, akapotea, kisha akarudi kwa kishindo. Ni simulizi tamu. Kasoro yake ni kwamba mtu mwenyewe hakuwa amekwenda popote. Juni 1989 alikuwa amefungua kilabu chake, Buddy Guy's Legends, kwenye barabara ya Wabash, karibu kabisa na katikati ya jiji. Kabla ya hapo alikuwa na kilabu kingine upande wa kusini, mtaa wa 43. Aliyetaka kumsikia alijua pa kumpata.

Asiyeonekana alikuwa mwingine. Kwa zaidi ya muongo mmoja hakuna kampuni kubwa ya muziki ya Marekani iliyomfungulia mlango wa studio. Zilipokuja kumtafuta, zilimkuta palepale zilipomwacha, na tukio hilo zikaliita kurudi kwake. Mimi nakwenda mbele kidogo. Naamini hata mlio uliosifiwa mwaka ule ulikuwa na umri wa miaka 30, na uliwahi kukataliwa na watu walewale wanaofanya biashara ya kurekodi. Kwa hiyo ukitaka kuielewa albamu ya 1991, usianzie London ilikorekodiwa. Anzia Chicago, kwenye ofisi za Chess Records, mwaka 1960.

Ila kwanza maneno machache kuhusu alikotoka, maana hayo hayaepukiki. George Guy alizaliwa Julai 30, 1936, Lettsworth, Louisiana, katika familia iliyolima pamba kwenye shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Akiwa mtoto alichomoa waya kwenye wavu wa mbu wa dirisha la nyumbani akaufanya uzi wa gitaa la kujibunia. Baadaye baba yake alimnunulia gitaa kuukuu lililobaki nyuzi mbili, na wimbo wa kwanza alioweza kuupiga ulikuwa Boogie Chillen' wa John Lee Hooker. Alipokua alihamia Baton Rouge, akafanya kazi ya usafi katika Chuo Kikuu cha Louisiana, mahali ambapo enzi hizo kijana Mweusi aliruhusiwa kufagia korido kwa urahisi zaidi kuliko kuketi darasani.

Huko Louisiana ndiko alikomwona Guitar Slim. Huyu alikuwa mtu wa suti za rangi za kuwaka, mwenye waya mrefu sana kati ya gitaa na amplifaya, na aliweza kupiga akitembea katikati ya watu. Guy amesema mara nyingi kwamba alitaka kupiga kama B.B. King na kujimwaga jukwaani kama Guitar Slim. Ukiishika kauli hiyo, umeshika nusu ya kazi yake yote. Kutoka kwa King alichukua namna ya kuvuta uzi mmoja hadi utetemeke kama sauti ya muimbaji. Kutoka kwa Slim alichukua fujo.

Septemba 25, 1957 alipanda treni kwenda Chicago. Hakuwa na mwenyeji wa maana wala kazi, na baada ya miezi kadhaa njaa ilikuwa imemkaba kiasi cha kufikiria kurudi kwao. Usiku mmoja alipandishwa jukwaani kwenye baa iitwayo 708 Club, na Muddy Waters, kigogo wa bluzi ya Chicago, akafika kumsikiliza. Kisa chake anakisimulia mwenyewe kila anapohojiwa: Muddy alikuja na mkate na salami, akamlisha kwenye gari, akamwambia asithubutu kuondoka. Nafikiri watu wanakipenda kisa hiki kwa sababu kinafanana na hadithi ya kutawazwa mfalme. Mimi ninachokiona ni hali ya kawaida ya baa za Chicago wakati ule. Wazee walihitaji vijana wenye mikono mizuri, na walijua njaa huwarudisha makwao.

Mwaka 1958 alirekodi santuri mbili kwa Artistic, lebo ndogo iliyokuwa chini ya Cobra. Cobra ikafa mwaka uliofuata, na 1960 akaingia Chess, kampuni ya Muddy Waters, Howlin' Wolf, Little Walter na Chuck Berry. Kwa mpiga bluzi hakukuwa na mlango mkubwa kuliko huo duniani. Na humo ndimo alimokwama.

Tatizo lilikuwa hili. Kwenye baa, Buddy Guy alifungua amplifaya hadi mwisho, akaacha gitaa lilie lenyewe mbele ya spika, akavuta nyuzi mpaka zikaribie kukatika, akatoka na gitaa lake mlangoni hadi barabarani huku bendi ikiendelea ndani. Kwenye studio, Leonard Chess, mwenye kampuni, aliyasikia hayo akaona ni kelele. Alitaka sauti safi, wimbo wa dakika tatu, gitaa lisizidi kinanda na ala za kupuliza. Guy hakuwa na nguvu ya kubishana. Kwa hiyo katika miaka yake ya Chess kuna Buddy Guy wawili: wa jukwaani, ambaye kila mpiga gitaa wa mji alikwenda kumtazama, na wa studio, mwajiriwa mwenye adabu.

Sikiliza Stone Crazy, iliyorekodiwa mwishoni mwa 1961. Ilipotolewa 1962 ilifika nafasi ya 12 kwenye chati ya R&B ya jarida la Billboard, na ndiyo santuri yake pekee iliyofika chati hiyo enzi zile za Chess. Lakini waliyonunua watu ilikuwa imekatwa. Toleo refu la takriban dakika saba lilikaa kabatini, likaja kutoka 1970 kwenye albamu ya mkusanyiko, Guy mwenyewe akiwa ameshaondoka. Kwenye toleo hilo gitaa linaanza taratibu, linaulizwa swali na sauti, linajibu kwa ukali, linanyamaza mahali ambapo ungelitarajia kupiga kelele, kisha linarudi na noti moja iliyovutwa bila huruma. Mtu aliyefikiri Guy aligundua mlio wake alipokutana na Waingereza asikilize dakika hizo saba, halafu aangalie tena tarehe.

Kampuni ilimtumia zaidi kama fundi wa kukodi. Alimpigia Koko Taylor, alimpigia Howlin' Wolf kwenye Killing Floor ya 1964 akiwa pamoja na Hubert Sumlin, mpiga gitaa wa Wolf, alimpigia Muddy Waters kwenye Folk Singer, albamu iliyorekodiwa 1963 kwa gitaa lisilo la umeme. Habari yake hiyo nayo inachekesha. Kampuni ilitaka mzee wa shamba anayejua bluzi za zamani za Mississippi, Muddy akamleta kijana wa miaka 27 mwenye sifa ya kupasua spika. Alipiga kwa ukimya na heshima hata ukashindwa kuamini ni mtu yuleyule. Wanaomwona Guy kuwa ni mtu wa makeke tu wamesahau kwamba moja ya albamu tulivu kuliko zote za Chess ina vidole vyake ndani.

Pamoja na yote hayo, Chess haikumtolea albamu yake mwenyewe hadi 1967, alipokuwa anaondoka. Miaka saba. Katika muda huo alikuwa na kibarua cha mchana, dereva wa gari la kukokota magari mabovu. Alipomsindikiza mpiga harmonika Junior Wells kwenye Hoodoo Man Blues ya 1965, chini ya lebo ndogo ya Delmark, jina lake halikuandikwa kwenye jalada la awali kwa kuhofia mkataba wa Chess. Wakaandika "Friendly Chap", yaani jamaa mmoja mwema. Albamu hiyo sasa inahesabiwa kati ya bora kabisa za bluzi ya Chicago, na jamaa mwema ndiye nguzo yake.

Wakati huohuo vijana wa ng'ambo walikuwa wanasikiliza kwa makini. Mwaka 1965 Guy alikwenda Uingereza, na Eric Clapton, mpiga gitaa wa huko, amesema kwamba kumwona akiongoza bendi ya watu watatu, yeye na besi na ngoma basi, ndiko kulikompa wazo la kuunda bendi yake ya Cream. Mpiga gitaa Jimi Hendrix naye alimfuatilia. Ipo picha ya filamu ya 1968 inayomwonyesha kwenye kilabu New York akiwa karibu na jukwaa, akimkazia macho Guy. Kufikia hapo, kelele ambazo Leonard Chess alizikataa zilikuwa zinauza mamilioni ya santuri chini ya majina mengine. Guy husimulia kwamba Leonard alimwita ofisini, akamchezeshea muziki huo wa vijana, akainama na kumwambia ampige teke, kwa kuwa alikuwa anawapa kitu hicho muda wote na wao hawakusikia. Kisa hicho tunakipata kwa mdomo wa upande mmoja, nami nakichukua kama kilivyo. Hata kama maneno hayakuwa hayo hasa, hesabu ya biashara ilikuwa hiyohiyo.

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga wamesema. Huyu alicheza kwao, wakatunzwa wa ng'ambo.

Miaka ya 1970 na 1980 sitaipitia yote. Alifungua pazia kwa Rolling Stones Ulaya mwaka 1970 akiwa na Junior Wells. Mwaka huohuo alirekodi Miami na Clapton akisaidia kusimamia, lakini kazi ikalala miaka miwili kabla ya kutolewa, ikiongezewa nyimbo mbili zilizopigwa na J. Geils Band ili itoshe albamu. Mwaka 1972 akawa mwenye kilabu cha Checkerboard Lounge kwenye mtaa wa 43, na Novemba 1981 Muddy Waters na Rolling Stones walipanda jukwaa lake pamoja, jambo lililompa sifa nyingi na mkataba hata mmoja halikumpa. Wasikilizaji Weusi wa rika lake walikuwa wamehamia soul na funk, na watoto wao hawakutaka kusikia muziki wa shamba. Wasikilizaji Weupe walikuwa na Clapton. Kampuni zilimwona mtu asiye na soko upande wowote.

Lakini nenda kasikilize alichorekodi Toulouse, Ufaransa, mwaka 1979, kwa lebo ndogo ya huko, kilichotolewa Marekani na lebo ya bluzi ya Alligator 1981 kwa jina la Stone Crazy! Ni nyimbo sita tu. Hakuna mgeni mashuhuri wala ala za kupuliza, na hakuna prodyuza aliyesema punguza. Gitaa linapayuka, linatetemeka, linakosea na kuendelea. Kama hoja yangu kwamba Guy hakuwahi kupotea inahitaji ushahidi, ni huo. Kwa upigaji wa gitaa peke yake naiweka juu ya albamu ya 1991, na najua wengi watanibishia.

Basi kwa nini 1991 na si 1981? Jibu halimo kwenye vidole vyake. Soko lilikuwa limegeuka. Stevie Ray Vaughan alitoa Texas Flood 1983 na kuonyesha kwamba kijana anaweza kuuza bluzi ya gitaa kwa mashabiki wa roki. Robert Cray alifuata na Strong Persuader 1986. CD ilipoingia, watu wa makamo wenye fedha walianza kununua upya muziki wa ujana wao, na kutoka kwa Clapton na Stones wakarudi nyuma kutafuta walimu wao. Kasha la nyimbo zote za Robert Johnson lilipotoka 1990, mtu aliyefariki 1938 aliuza mamia ya maelfu ya nakala. Na 1989 John Lee Hooker, mzee aliyevuka miaka 70, alitoa The Healer akiwa na Carlos Santana, Bonnie Raitt na Robert Cray pembeni yake, ikauza kuliko chochote alichowahi kutoa.

The Healer kule Uingereza ilitolewa na Silvertone. Hii ndiyo lebo iliyomsaini Buddy Guy. Ilikuwa inajulikana zaidi kwa vijana wa Manchester, The Stone Roses, lakini ilishaujua mtaji uliolala kwa wazee: chukua mkongwe, mzungushie majina yanayouza, mpe studio nzuri. Guy aliwaingia machoni kupitia kwa Clapton, aliyemwalika kwenye usiku wa bluzi katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, 1990 na tena 1991. Mkataba ukafuata. Prodyuza akawa John Porter, na studio ikawa London.

Katikati ya mambo hayo kulitokea msiba. Agosti 26, 1990, Guy, Clapton, Cray, Stevie Ray Vaughan na kaka yake Jimmie walipiga pamoja Alpine Valley, Wisconsin. Baada ya onyesho, usiku wa manane, helikopta iliyombeba Stevie Ray ilianguka. Alikuwa na miaka 35. Albamu inafungwa na Rememberin' Stevie, ala tupu bila maneno. Guy, mtu ambaye kwa kawaida hawezi kumaliza dakika bila kupiga ukelele, hapa anaacha gitaa liongee.

Sasa albamu yenyewe. Wimbo unaobeba jina lake ni mzuri, na uzuri wake ni wa mtu anayeingia chumbani akijua ameitwa kwa kuchelewa. Gitaa linaanza kabla ya salamu. Five Long Years, wimbo wa Eddie Boyd wa 1952 kuhusu mwanaume aliyefanya kazi kiwandani miaka mitano na kumpelekea mwanamke mshahara wote kisha akafukuzwa, ndio moyo wa albamu kwangu. Guy anauimba juu kabisa ya koo lake, sauti ikivunjika pale inapotakiwa kuvunjika, na solo yake ina makali yaleyale ya Stone Crazy ya 1961. Tofauti ni kwamba safari hii fundi mitambo hakupunguza. Hicho ndicho kilichokuwa kipya mwaka 1991, ruhusa.

Halafu kuna Mustang Sally. Jeff Beck yupo, anapiga vizuri, na wimbo haukuhitajika kabisa. Kila bendi ya harusi Marekani inaujua. Umewekwa pale ili redio iwe na cha kucheza, na redio ilicheza. Clapton yupo kwenye wimbo mmoja, Mwingereza mwenzake wa gitaa Mark Knopfler kwenye mwingine, Memphis Horns wanapuliza. Mgeni njoo mwenyeji apone: wageni walikuja na mwenyeji akapona kweli, mfuko wake ukapona, jina lake likapona. Siwalaumu. Clapton na wenzake walikuwa wanalipa deni hadharani, jambo ambalo wengi waliochota kwenye kisima hichohicho hawakulifanya. Ila kuna kitu kinanikera kwenye mpangilio wenyewe. Mwalimu alihitaji barua ya utambulisho kutoka kwa wanafunzi wake ili aruhusiwe kufundisha.

Tuzo zikaja: Feels Like Rain ya 1993 ikapata Grammy, Slippin' In ya 1994 ikapata nyingine. Ya kwanza ilijaa wageni kama gari la mnada. Ya pili haikuwa nao karibu kabisa, isipokuwa mpiga kinanda Johnnie Johnson na watu wa ngoma na besi waliokuwa wa Stevie Ray, na iliongozwa na Eddie Kramer, fundi aliyemrekodi Hendrix. Haishangazi kwamba ya pili ndiyo inayosikilizika leo.

Simulizi la kurudi lina tabia mbaya nyingine: huwatazama waliorudi tu. Mpiga gitaa Otis Rush alimtangulia Guy Cobra, akaingia Chess mwaka mmoja naye, na wajuzi wengi wa Chicago walimwona kuwa mkubwa kuliko wote. Albamu aliyoirekodi 1971 kwa ajili ya Capitol, Right Place, Wrong Time, kampuni iliikalia. Ikatoka 1976 kwa lebo ndogo. Mwaka 1994 John Porter, prodyuza yuleyule, alimtengenezea Ain't Enough Comin' In. Ni albamu nzuri mno, sauti ni nzito, gitaa limetulia na linauma. Haikufanya hata sehemu ya yale aliyoyapata Guy. Miaka kama kumi baadaye Rush alipata kiharusi kilichomnyang'anya upigaji, na alifariki 2018. Magic Sam, aliyekuwa wa tatu katika kundi lao la vijana wa West Side, upande wa magharibi wa Chicago, hakupata hata nafasi ya kusahaulika. Alifariki Desemba 1969 akiwa na miaka 32.

Kilichomtenga Guy na hao wawili si kipaji. Kwanza, alikuwa hai na mwenye afya. Pili, alipenda jukwaa kwa namna ambayo Rush, mtu mwenye haya na huzuni, hakuweza; na soko la miaka ya 1990 lilinunua tamasha kabla ya kununua santuri. Tatu, na hili halisemwi vya kutosha, alikuwa na mali. Mwanamuziki mwenye kilabu chake anaweza kusubiri. Hapigi simu kuomba usiku mmoja wa kupiga, na kampuni inapokuja anakaa nayo mezani akiwa mwenye nyumba. Kila Januari, kwa miaka mingi, Guy alipiga wiki nzima nzima Legends, wakati wa baridi kali ambapo wenzake walikuwa wanatafuta kazi Ulaya. Hata ukumbi ulipohama 2010 ulihamia jirani tu, kwenye barabara ileile.

Kuna mmoja zaidi aliyeachwa nje ya picha. Junior Wells, mpuliza kinanda cha mdomo, alikuwa pacha wake kwa karibu miaka 30. Walizunguka pamoja na kugombana pamoja, na kwa mtu wa miaka ya 1970 jina la mmoja halikutamkwa bila la mwingine. Mkataba wa Silvertone ulikuwa wa mtu mmoja. Mwaka uleule wa 1991 Alligator ilitoa Alone & Acoustic, kazi waliyoirekodi Paris 1981, wawili hao na magitaa yasiyo ya umeme na ile harmonika, wakiimba nyimbo za wazee wao kama watu walioketi barazani bila haraka. Haikutajwa sana kwenye kelele za kurudi. Wells alifariki Januari 1998. Ukiniuliza kati ya hizo mbili za 1991 ni ipi ninayoiweka mara nyingi zaidi, ni ya barazani.

Halafu ikaja 2001 na Sweet Tea, ambayo kwangu ndiyo albamu yake kubwa ya uzeeni. Prodyuza Dennis Herring alimpeleka Oxford, Mississippi, kwenye studio yenye jina hilohilo, akampa nyimbo za watu wa vilima vya kaskazini mwa jimbo, hasa Junior Kimbrough, aliyefariki miaka mitatu kabla. Bluzi ya huko haifanani na ya Chicago. Haibadilishi kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, kila baada ya muda uliozoeleka. Inashika mdundo mmoja na kuuzungusha, kama kinu kinachosaga usiku kucha, hadi msikilizaji asahau wimbo ulianza lini. Guy hakukulia kwenye muziki huo. Ilimbidi ajifunze akiwa na miaka 64, na kusikia mtu wa umri huo akijifunza ni raha ya pekee.

Inaanza na Done Got Old. Gitaa moja lisilo la umeme na mzee anayekiri kwamba mwili haufanyi tena ulichokuwa unafanya. Anaimba chinichini, karibu anong'one. Wimbo unakatika, na unaofuata unakuangukia: besi iliyochafuka, ngoma nzito, amplifaya kuukuu zinazokoroma, na gitaa lile lile ambalo Leonard Chess alilikataa, sasa likiwa na nafasi ya dakika saba, na mbele kidogo wimbo mmoja unafika 12. Hakuna Clapton wala Mustang Sally. Albamu haikupata Grammy, na sidhani kama kuna aliyeitaja kuwa ni kurudi kwa mtu yeyote, kwa kuwa biashara ilishatumia neno hilo miaka kumi nyuma.

Tangu 2008 amefanya kazi na Tom Hambridge, mpiga ngoma anayetunga na kusimamia pia. Ushirikiano wao umezaa matunda mengi: Living Proof 2010, Born to Play Guitar 2015, The Blues Is Alive and Well 2018, zote zikapata Grammy. Hambridge ni fundi, anamheshimu mzee, na anamfanya asikike vizuri. Lugha yangu ya shukrani inaishia hapo. Tatizo ni kwamba nyimbo nyingi anazomwandikia zinamhusu Buddy Guy: nilizaliwa shambani, nilipanda treni, nina miaka 74, bado nipo, mimi ndiye wa mwisho. Majina ya albamu peke yake yanasoma kama wasifu wa mwombaji kazi. Na wageni wamerudi tena. Ain't Done with the Blues, iliyotoka Julai 30, 2025, siku aliyotimiza miaka 89, ina Joe Walsh, Joe Bonamassa, Peter Frampton. Ilitoka baada ya ziara ya kuaga iliyoanza 2023, maana kuaga nako kunauza tiketi.

Vidole bado vinasikika humo. Vimepungua mwendo, havijapungua maana, na sauti imebaki na ule mpasuko wa juu usioigika. Mwaka huohuo alionekana kwenye filamu ya Sinners ya Ryan Coogler akiigiza mwanamuziki wa Mississippi aliyezeeka, na watazamaji ambao hawakuwa wamezaliwa 1991 wakaanza kuuliza yule babu ni nani. Itakuja albamu nyingine, au mkusanyiko, na maofisa wa kampuni watatafuta nani wa kumweka pembeni yake. Ningekuwa mmoja wao nisingempigia simu mtu yeyote. Ningefunga mlango, nikampa mpiga besi, mpiga ngoma na amplifaya moja kuukuu, nikampa wimbo wa mtu mwingine usiomtaja yeye wala umri wake, na nikamwambia fundi mitambo asiguse kitu.